Jibu kwa aliyeuliza mwanamke anapasuliwaje mochwari

Mkuu umeuliza kama mwanamke akifanyiwa postmotamu wanaume wanamchezea na kizazi kinabaki hukohuko. Ngoja nikwambie, mimi ndo nilienda kumtambua dada yangu na daktari akanieleza kila kitu.

Dada alilalamika tumbo siku mbili, zahanati wakampa dawa za UTI, siku ya tatu akawa anasema bega linamuuma, sisi tukajua kalalia vibaya tu, jioni akaanguka chooni ikawa ndo basi. Msibani maneno yakaanza, eti mumewe kamlisha sumu kisa waligombana wiki ile. Polisi wakaja, hakuna kuzika mpaka apimwe. Kaburi lishachimbwa, shangazi analia mtoto wa Kiislamu hapasuliwi. Kesi ikiwa ya polisi hawasubiri ruhusa yenu lakini.

Wanaanza na nje, taratibu kweli. Shingo kama kuna alama za kukabwa, mikono, kucha, mapaja, na kukiwa na shaka ya kubakwa wanachukua sampuli kwa pamba kabla hajaoshwa, kwahiyo nyie mnaokimbilia kuosha maiti nyumbani mnafuta ushahidi. Halafu wanachana kuanzia mabegani, kwa mwanamke wanapitisha chini ya matiti, wanashuka hadi kinenani. Kichwani ni nyuma, toka sikio hadi sikio, nywele zinafunika. Kizazi na mirija lazima viangaliwe, maana mwanamke wa umri wa kuzaa akifa ghafla lazima waulize kama alikuwa na mimba. Vipande vidogo vinaenda maabara, viungo vyenyewe vinarudishwa ndani anashonwa.

Mimba ya dada ilitunga kwenye mrija, mrija ukapasuka, tumboni walikuta damu zaidi ya lita mbili. Na lile bega sasa! Daktari anasema damu ikijaa tumboni inafika juu kwenye kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, maumivu unayasikia begani. Sidhani hata yeye alijua ana mimba.

Mama aliyemuosha alijiandaa kukuta mtu kakatwakatwa, akakuta mshono tu.

Shemeji alikuwa ndani muda wote huo. Walipomwachia tulikuwa tumeshazika, akaja moja kwa moja makaburini na kanzu ileile aliyokamatwa nayo. Shangazi mpaka leo hajamwomba radhi.