Maswali ya Wasomaji: Fungate ya Januari, Kisiwa Gani na Siku Gani?

SWALI: Mchumba wangu ni muuguzi Ujerumani na likizo yake ni Januari tu, kule kukiwa na theluji. Tunafunga ndoa Kisumu Jumamosi ya Januari 9, 2027, kisha tuna siku saba za fungate. Yeye anataka Shelisheli, mama yangu anasema Lamu, mimi moyo wangu uko Unguja. Twende wapi?
– Bibi harusi mtarajiwa, Milimani, Kisumu

JIBU: Dada, Shelisheli iacheni hadi mwezi mwingine. Januari ndio mwezi wao wa mvua nyingi zaidi. Kisiwa cha Mahé hupata karibu milimita 400 mwezi huo mmoja. Si kwamba mtalowa kila siku, lakini mtu aliyekimbia mawingu ya Ujerumani hatafurahi kuyakuta yamemtangulia. Morisi nayo itakuwa katikati ya msimu wa vimbunga, ambao huendelea Novemba hadi Aprili.

Pwani yetu mambo ni kinyume. Vuli imepita, masika bado, na kaskazi inavuma. Lamu karibu hainyeshi Januari na Februari. Unguja hupata manyunyu ya hapa na pale. Joto hufika nyuzi 32 au 33, na unyevunyevu wake unakuzidi hata wewe uliyezoea Kisumu. Ulizeni kama chumba kina eyasii (kiyoyozi), na kama jenereta huiendesha umeme ukipotea usiku.

Kati ya hivyo viwili, mama ana hoja nzito. Lamu haidai pasipoti, chanjo wala bima, na hoteli nyingi zina bei ya wakaazi kwa Mkenya mwenye kitambulisho. Mchumba abebe chake cha Kenya, maana akitoa karatasi za Ujerumani atapigiwa hesabu ya mtalii. Mtaruka Kisumu hadi Nairobi, kisha uwanja wa Manda, kisha boti dakika chache hadi Shela, kijiji cha ufukweni kisiwani Lamu. Kabla ya kulipa, tazameni ndege ya Lamu inaondokea JKIA au Wilson, viwanja viwili tofauti vya Nairobi. Ya Kisumu ikitua JKIA na ya Lamu ikiwa Wilson, mtavuka jiji na mizigo. Ndege ndogo za Wilson mara nyingi huruhusu kilo 15 tu, mkoba wa mkononi ukihesabiwa humo humo, na hutaka begi laini, si sanduku gumu. Mjini funikeni mabega na magoti, na msitarajie pombe kila kona.

Unguja ina hoteli nyingi zaidi za kuchagua, lakini ina makaratasi. Pasipoti iwe na angalau miezi sita mbele. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima kwa anayetoka Kenya. Chanjo hutambuliwa siku 10 baada ya kudungwa, kwa hivyo ukidungwa wiki ya harusi umechelewa. Ukishaipata, ni ya maisha. Tangu Oktoba 1, 2024, mgeni kutoka nje ya Tanzania hutakiwa pia kuwa na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, hata kama ana nyingine. Inalipiwa mtandaoni, imalizeni kabla ya kufika uwanjani. Hotelini ulizeni kama tozo ya miundombinu, inayohesabiwa kwa kila mtu kila usiku, imo kwenye bei. Mara nyingi haimo.

Tarehe zenu zina bahati. Wiki ya kwanza ya Januari bado ni bei ya Krismasi, na baadhi ya hoteli hulazimisha mlo maalumu wa mkesha wa mwaka mpya. Kuanzia tarehe 10 hivi bei huanza kulegea. Ukiniuliza, siku saba zenye uchovu wa harusi ndani yake zinafaa Lamu. Unguja iwe ya siku kumi.

Halafu jambo ambalo wengi hulipuuza: malaria. Hatari kubwa zaidi haiko visiwani, iko nyumbani. Unguja malaria imepungua sana, Kisumu bado ipo. Mtu aliyekaa Ujerumani miaka kadhaa amepoteza ule uzoevu wa mwili aliokua nao, kwa hivyo aanze dawa za kinga kabla ya kutua, na mlale ndani ya neti wiki yote ya harusi. Homa ikimshika fungateni, mwambieni daktari mmetoka Kisumu, ama huenda asifikirie kupima.

SWALI: Tumelipia chumba Paje. Jirani anasema bahari ya huko “hukauka” na mtu hawezi kuogelea. Ni kweli?
– Msomaji, Kakamega

JIBU: Haikauki, hupwa. Ziwa letu halina mambo hayo, ndiyo maana hushangaza watu wa huku. Pwani ya mashariki ya Unguja, yaani Paje, Jambiani na Bwejuu, ni tambarare ndefu hadi kwenye mwamba, na maji yakipwa unaweza kutembea zaidi ya kilomita moja bila kupata ya kufika kiunoni. Nungwi na Kendwa, kaskazini, ufuo huingia kinani upesi, hivyo mtu huogelea karibu saa zote.

Siri iko kwenye mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na kupwa huangukia mnamo saa nne asubuhi, wakati ule ule mliotaka kuogelea. Karibu wiki moja baadaye ni maji mafu. Tofauti huwa ndogo, na maji hujaa asubuhi ya kati. Mwezi mpya ni Januari 7, 2027, na mpevu ni Januari 22, kwa hivyo siku tulivu za Paje ni kama Januari 15 hadi 18. Kila siku maji husogea mbele kwa takriban dakika 50. Saa za leo mkizijua, za kesho mtazipiga hesabu wenyewe.

Bamvua si hasara tupu. Ndio wakati wa kutembea hadi mwambani na kuona mashamba ya mwani wa kina mama. Vaeni viatu vya mpira: kuna viumbe vyenye miiba mirefu myeusi, na mwiba hukatikia ndani ya nyayo. Na msisahau saa, maji yakirudi hayamngojei mpiga picha.

SWALI: Tiketi ya mke wangu niikate kwa jina langu, kwa kuwa tutakuwa tumeoana?
– Nakuru

JIBU: Hapana kabisa. Jina la tiketi ni lile lililo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Kubadilisha pasipoti baada ya harusi huchukua muda, na jina lisilolingana humzuia mtu kaunta. Cheti cha ndoa hakitoshi kuokoa hali hiyo. Ninyi wa Nakuru pia msikate basi au matatu ya asubuhi ile ile ya safari: barabara ya Nairobi hukwama, na Januari shule zikifunguliwa ndio kabisa. Laleni Nairobi.

SWALI: Nina ujauzito wa miezi minne. Chanjo ya homa ya manjano itakuwaje?
– Busia

JIBU: Chanjo hiyo ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na kwa kawaida mjamzito hapewi. Daktari anaweza kuandika barua ya msamaha, lakini uamuzi wa kukupitisha ni wa afisa wa mpakani. Kwa hali yako usihangaike na mpaka: nenda Lamu au Diani, na uishike barua ya daktari yenye wiki za mimba, kwa kuwa shirika la ndege linaweza kuiuliza.