Mwalimu, usimpe mchora kava hizo picha: si kila picha ya zamani ya Marekani ni mali ya umma

Mwalimu, usimlipe huyo jamaa wa flashi. Kama pesa umeshatuma, hesabu kwamba imekwenda, lakini picha zake zisifike kwa mchora kava.

Kwa wadau wanaoingia sasa: mwalimu anatoa kitabu cha picha cha mashujaa wa historia ya Marekani kwa Kiswahili. Anataka kukiuza kwenye shule za Mwanza, na kupitia duka la mtandaoni kwa wazazi wetu walioko Marekani. Kuna mtu anamuuzia flashi yenye maelfu ya picha "za maktaba ya serikali ya Marekani, zote mali ya umma", yaani hazina hakimiliki na yeyote anaweza kuzichapa. Ameuliza kama kweli ziko huru. Mwanamuziki Elvis Presley naye anataka kumweka, na kumtengenezea fulana. Na kava ameshaichagua: Rosa Parks amekaa kwenye basi anatazama nje dirishani, nyuma yake amekaa mzungu.

Hiyo picha ya kava ndiyo iliyonifanya niandike usiku huu.

Kwanza, si picha ya siku aliyokamatwa. Mama Parks, mwanamke mweusi, alikamatwa Montgomery, Alabama, tarehe 1 Desemba 1955, kwa kukataa kumpisha mzungu kiti kwenye basi. Hii ilipigwa 21 Desemba 1956, baada ya watu weusi kugoma kupanda mabasi kwa siku 381, siku ambayo mabasi ya mji ule yalianza kubeba watu bila kuwatenga kwa rangi. Yule mwanamume wa nyuma si abiria mbaguzi. Ni mwandishi wa habari, Nicholas Chriss, aliyekaa pale ili picha ipatikane. Wewe umeshaandika maelezo ya chini, "Rosa Parks akikataa kumpisha mzungu", na watoto wataenda nayo hivyo mpaka ukubwani. Pili, na hapa ndipo pesa ilipo, picha hiyo ni ya wakala wa habari. Haikupigwa na mtumishi wa serikali ya Marekani.

Najua utakachosema, kwa sababu niliambiwa hivyo hivyo: "Lakini imetoka Maktaba ya Bunge, Washington." Ni kweli imo. Imo kwa sababu lilikuwepo gazeti la New York World-Telegram and the Sun. Lilipokufa miaka ya 1960, stoo yake ya picha, karibu milioni moja, ilikabidhiwa kwa maktaba hiyo. Stoo ya gazeti ina picha za wapiga picha walioajiriwa na gazeti lenyewe, na ina picha ambazo gazeti lilikuwa linaletewa na mawakala wa habari kila siku. Za waajiriwa wake, haki zilitolewa kwa umma. Za mawakala, gazeti lisingeweza kutoa kitu ambacho si chake. Zote zimelala kwenye makabati yale yale na zina jina la mkusanyiko mmoja. Kinachozitenganisha ni muhuri uliogongwa nyuma ya karatasi ya picha, na maktaba imeyanakili maelezo hayo kwenye ukurasa wa kila picha katika katalogi yake, kwenye mstari unaohusu haki.

Sasa angalia wauza flashi wanafanya nini. Wanapakua picha, wanakata kingo, wanafuta jina la faili lililokuwa na namba ya maktaba, wanaandika "shujaa_014". Ule mstari wa haki unabaki Washington. Wewe unaletewa sura ya mtu isiyo na baba wala mama, pamoja na cheti chenye muhuri wa dhahabu kilichochapwa kwenye steshenari ya mtaani, kinachosema picha zote ni huru milele. Hii ndiyo kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Mimi niliuziwa. Nilimuuliza muuzaji ana kwa ana, dukani kwake, picha hii ya basi ni ya nani. Akanijibu bila kupepesa: "Kaka, picha ina zaidi ya miaka sitini, nani atakuja kudai?" Alijua. Mtu anayefuta namba za faili moja baada ya nyingine anajua anachofuta. Na hakuishia kwenye flashi, alinipangia na kava kabisa, akachukua na hela ya kava.

Kitabu kikachapwa. Mnunuzi alikuwa huko Marekani, anasambaza vitabu kwa madarasa ya Jumamosi ya watoto wa Waswahili. Shehena imeshafika, ameshaweka kava mtandaoni, ndipo ikaja barua kwake ya kumtaka aonyeshe kibali cha picha ile au alipe. Barua ilikuwa na heshima zake na iliambatanishwa na picha ya kava yetu. Mnunuzi alifanya ambacho mfanyabiashara yeyote angefanya: akashusha kitabu, akazuia malipo, akanitaka nibebe mzigo wangu.

Wengi hapa watasema si ubadilishe kava tu? Kava ningebadilisha. Lakini muuzaji alikuwa ameirudia picha ndani, kwenye sura ya Parks, na vitabu vyetu vinachapwa karatasi kubwa moja inayokunjwa kuwa kurasa 16. Ukitaka kutoa ukurasa mmoja, unatoa zote 16. Na kitabu kikishagundishwa uti, huchomoi mkunjo wa katikati: unakipeleka kwenye gilotini, ile mashine ya kukatia karatasi, unakata uti, unatoa ule mkunjo, unachapa mwingine, unapanga upya, unagundisha upya, unakata tena kingo ili zilingane. Kitabu kinatoka kimepungua upana, na maandishi yanakaribia ukingoni. Fundi wangu alikata vya mwanzo, akaviweka mezani, tukaviangalia, tukakubaliana havifai kuuzwa. Mzigo uliobaki uliishia kwa wanunuzi wa karatasi chakavu, wanaopima kwa kilo. Sura za Harriet Tubman na Frederick Douglass, waliopigana na utumwa, ambazo hazikuwa na tatizo lolote, zikaenda na mzani huo huo.

Muuzaji nilipompigia alisema nimsubiri kidogo anaendesha. Namba yake haikupatikana tena. Kama ni yeye aliyebadilisha jina la duka na sasa anakuuzia wewe, sitashangaa, maana maneno ya tangazo uliloliweka hapa ni yale yale.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na ndiyo ninayomwambia kila anayekuja kwangu na kitabu: picha isiingie kwenye ukurasa kabla hujaifuata mpaka kwa anayeitunza, ukasoma mstari wa haki kwa macho yako, ukanakili namba yake. Kwa Maktaba ya Bunge namba nyingi huanzia LC-USZ62 au LC-DIG. Picha isiyo na namba, iache. Hata kama ni nzuri kiasi gani, hata kama umeiona kwenye tovuti mia.

Umri peke yake haukusaidii. Sheria ya Marekani haiangalii kama picha imepauka. Picha iliyochapishwa zaidi ya miaka 95 iliyopita imetoka kwenye hakimiliki. Iliyopigwa na mtumishi wa serikali kuu akiwa kazini haikuwa na hakimiliki tangu mwanzo. Iliyochapishwa kabla ya 1964, hakimiliki yake ilitakiwa ihuishwe, yaani isajiliwe upya, ikifika miaka 28, na zipo nyingi ambazo wenyewe walisahau. Lakini iliyochapishwa 1956 na kuhuishwa ipasavyo inalindwa mpaka mwisho wa 2051. Na usijifiche kwamba uko Mwanza, duka lako la mtandaoni liko kwao.

Mfano ninaoupenda ni mpiga picha Gordon Parks. Mwaka 1942 alikuwa anafanya kazi kwenye mradi wa picha wa serikali, wa Farm Security Administration. Akampiga picha Ella Watson, mama msafishaji wa ofisi za serikali Washington, amesimama mbele ya bendera na ufagio mkono mmoja. Hiyo ni ya umma, chapa utakavyo. Miaka ya 1960 mtu yule yule, jicho lile lile, alimpiga picha Malcolm X, mpigania haki za watu weusi, kwa ajili ya jarida la Life. Hizo si za umma. Ukiandika tu "picha: Gordon Parks" hujasema lolote. Inabidi useme alikuwa anamfanyia nani kazi siku ile.

Na kuna faida nyingine ya kufuata picha kwa mtunzaji, ambayo watu wa flashi hawakuambii. Ipo picha maarufu ya Jenerali Grant, kamanda wa jeshi la Kaskazini, juu ya farasi, kambini City Point, askari wamejaa nyuma. Ukiiona utaitaka kwa sura ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Maktaba ya Bunge wenyewe waliichambua na kukuta ni picha tatu zilizounganishwa: kichwa ni cha Grant, mwili na farasi ni vya jenerali mwingine, McCook, na wale "askari wake" wa nyuma ni mateka wa upande wa Kusini waliokamatwa Fisher's Hill, 1864. Iliungwa na L. C. Handy miaka mingi baadaye. Kwa haki iko huru kabisa, kwa historia haifai. Maelezo yote hayo yamo kwenye katalogi, bure, kwa atakayefungua ukurasa. Kwenye flashi ataitwa "shujaa" na namba yake.

Kuna mdau juu ameandika "chukua tu, picha ya umma haina mwenyewe, huwezi kusumbuliwa". Unaweza. Carol Highsmith, mpiga picha aliyeipa Maktaba ya Bunge maelfu ya picha zake kwa ajili ya umma, alipelekewa barua ya kudai dola 120 kwa picha aliyoipiga mwenyewe na kuitoa bure. Mwaka 2016 alishtaki, na mahakama ikayatupa madai yake ya hakimiliki; utetezi wa aliowashtaki ulikuwa kwamba picha alishaitoa kwa umma. Barua kama hiyo ikikufikia wewe, jibu lako ni nakala ya ukurasa wa maktaba wenye namba na mstari wa haki. Usipokuwa nayo utahangaika kuitafuta huku mnunuzi wako amekasirika.

Elvis mtoe. Najua picha yake na Rais Nixon, Ikulu, 21 Desemba 1970, ilipigwa na Oliver Atkins, mpiga picha wa Ikulu, ni ya umma, na iko Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa yao. Kitabuni ungeweza kuiweka kwa hoja ya historia. Lakini umesema unataka kutengeneza na fulana. Sura ya Elvis ni biashara ya warithi wake, na jimbo la Tennessee lina sheria ya kuilinda. Haki ya picha na haki ya sura ni vitu viwili.

Hotuba ya "Nina ndoto" ya Dk. Martin Luther King, ya 28 Agosti 1963, nayo usiitafsiri yote na kuiweka. Ina wenyewe, na kesi ilishapiganwa mahakamani. Nukuu mistari, eleza yaliyobaki kwa maneno yako.

Kava yako, kama unanisikiliza, iwe hii: Martin Luther King na Malcolm X wamesimama pamoja, 26 Machi 1964, kwenye jengo la Bunge, Washington, siku Seneti inajadili muswada wa haki za raia. Ndiyo mara pekee walipokutana, na kwa muda mfupi tu. Ilipigwa na Marion Trikosko wa jarida la U.S. News & World Report, ambalo lilitoa picha zake kwa Maktaba ya Bunge. Mstari wake wa haki unasema hakuna vizuizi vinavyojulikana. King anatabasamu, Malcolm ana miwani yake na anacheka wazi. Watoto wataitazama kuliko ile ya basi.

Harriet Tubman usimweke kwa picha ya uzeeni tu. Ipo iliyopigwa na Benjamin Powelson, Auburn, New York, mnamo 1868 au 1869, akiwa mwanamke wa makamo, amekaa kwenye kiti na sketi yake pana. Ilikuwa ndani ya albamu ya mwalimu mwenzako, Emily Howland, na mwaka 2017 Maktaba ya Bunge na makumbusho ya historia ya Wamarekani weusi ya Smithsonian waliinunua kwa pamoja. Chukua faili la TIFF, siyo lile dogo la kutazamia. Na usichukue zilizotiwa rangi na watu wa mtandaoni, maana aliyetia rangi anaweza kudai kazi yake.

Na kama unataka ukurasa wa kuwagusa watoto wa Mwanza moja kwa moja, Mwalimu Nyerere alipokelewa Ikulu ya Marekani na Kennedy Julai 1963, na wapiga picha wa Ikulu walikuwepo. Zimo kwenye maktaba ya Kennedy, Boston, kila moja na namba yake. Fungua ukurasa wa picha, usome sehemu ya haki, uihifadhi pamoja na tarehe uliyoifungua, kisha weka namba hapa tuikague pamoja kabla hujampigia mchora kava.