Meza ya Fundi: "Duka linataka mbuzi hamsini, nami bado niko chuoni"

SWALI

Shikamoo Mama Fundi. Nasoma useremala, mwaka wa mwisho, katika chuo cha ufundi hapa Mtwara Mjini, na nimepanga chumba Chuno. Nimetengeneza mbuzi ya kukunia nazi ya aina yangu. Inakunjika, kiti chake kimeinuka kuliko za kawaida, na kile chuma chenye meno kinafunguliwa kwa nati ya mkono kikalazwa chini ya kiti. Niliibuni kwa ajili yetu sisi wa mageto, maana vyumba ni vidogo. Nimeuza chache kwa jamaa na majirani, 15,000 kila moja. Vifaa vinanigharimu 10,000: mbao 3,500, bawaba na bolti 2,000, chuma na kuchomelea 3,500, msasa na vanishi 1,000. (Moja nilimpa shangazi yangu wa Mikindani, anasema haiachi kwa sababu mtoto wake anayetambaa hajikwaruzi tena.) Picha nilizoweka status zimependwa mno. Sasa mwenye duka la vyombo sokoni anataka hamsini kwa mali kauli, yaani nimpe sasa anilipe zikishauzwa. Rafiki yangu anasema nisajili hataza kwanza, ile haki ya kisheria ya mvumbuzi, nisije nikaibiwa. Baba anasema nimalize chuo nitafute ajira. Mimi nataka kuwa mbunifu wa bidhaa anayejitegemea, hata ikibidi kuacha masomo. Nianzie wapi?

Mwanafunzi, Chuno

JIBU

Marahaba mwanangu. Anzia kwenye ile sentensi uliyoifungia kwenye mabano. Barua yote inazungumzia geto, kumbe habari yenyewe iko kwa shangazi.

Mtu wa geto hakuni nazi. Anakwenda sokoni, nazi inavunjwa, inapitishwa kwenye mashine palepale, anaondoka na mfuko wake. Asiyetaka hivyo ananunua tui la pakti au anaazima blenda ya jirani. Hao ndio washindani wako, na huwawezi kwa bei wala kwa haraka. Tena mbuzi ya kukunja si jambo geni. Pwani hii mabibi zetu wamezikunja mbuzi zao na kuziegemeza ukutani toka enzi. Ila ya bibi ukiikunja, meno yanabaki nje yakimsubiri mtoto. Yako yanalala chini ya kiti. Hapo ndipo ulipobuni kitu, na mwenye kukihitaji ni nyumba yenye mtoto mdogo. Kiti kirefu nacho kina mwenyewe: mama mwenye magoti yanayomsumbua, ambaye mbuzi fupi kuikalia anaweza, kuinuka ndiyo kazi. Sasa niambie, kati ya hao uliowauzia, nani hakuwa ndugu, jirani wala mwanachuo mwenzako? Sifa za status usizihesabu. Kupenda picha hakuna gharama.

Kwa hiyo kabla ya duka na kabla ya hataza, omba ruhusa ukae jikoni kwa watu watano au sita wasiokujua, wakune nazi yao ya mchana, wewe ukiwa kimya. Usiwaelekeze. Ukianza kusema "hapana mama, unafungua hivi", umeshaharibu. Tazama anavyokaa. Mwanamke aliyevaa kanga hapandi mbuzi kama mpanda pikipiki. Anakaa upande, miguu yote imeelekea kulia au kushoto, halafu anaegemeza uzito mbele anapokuna. Wewe na wenzako wa karakana mmevaa suruali, naamini mliijaribu kwa kupanua miguu. Akikaa upande, fremu inajipinda, na kinachoumia ni bawaba na tundu za skrubu. Nimewahi kutengeneza vigoda vya jikoni vya kukunja, na vinavyorudi karakanani kwangu ukivikagua karibu vyote vimelegea upande mmoja. Weka bolti inayopita mbao ya upande huu mpaka wa pili, na utie washa (kile kibati cha duara chenye tundu) pande zote mbili, badala ya skrubu fupi.

Tazama na sinia. Ukiinua kiti, meno nayo yameinuka, lakini sinia liko chini palepale, kwa hiyo nazi inaruka pembeni na mama ananuna. Pengine chuma kiinamishwe zaidi, pengine uweke kibao kidogo cha kupandishia sinia. Jibu atakupa mkunaji, mimi hapa mezani siwezi kulijua. Na angalia kama baada ya kukuna anahangaika kulaza chuma chini ya kiti, au anakiacha hivyohivyo. Kama wanakiacha, nati yako ni ngumu au mikono yao ina mafuta, na ule ulinzi wa mtoto umebaki kwenye mchoro tu.

Kuhusu chuma chenyewe, umesema "kuchomelea". Ukichomelea karibu na meno, moto unaharibu ugumu wa chuma, na meno uliyoyachonga kwa tupa yanalala mapema. Kwa kuwa chako kinafunguliwa, toboa tundu ukifunge kwa bolti, achana na kuchomelea kabisa. Na kwa hewa yetu ya chumvi, chuma cha kawaida kikilala na maji usiku mmoja asubuhi kina kutu. Ama utafute chuma kisichoshika kutu (stainless) na upandishe bei, ama umwambie mnunuzi waziwazi: osha, kausha, paka mafuta ya nazi. Vanishi iishie kwenye kiti, isifike kule nazi inakoanguka.

Sasa bei. Unatoa 10,000 unaingiza 15,000, unasema faida 5,000. Hiyo si faida, huo ni mshahara wako, na hukuniambia unatumia muda gani. Kama ni kutwa nzima, hata kibarua wa kubeba mbao atakucheka. Chonga kigezo cha plaiwudi kwa kila kipande, kata miguu yote kwa mkupuo, toboa yote kwa mkupuo, piga msasa yote kwa mkupuo. Tuseme kwa mtindo huo unatoa nne kwa siku, na siku yako umeipa thamani ya 15,000: kila mbuzi inabeba 3,750 ya jasho lako. Ongeza 1,500 ya nauli, umeme, misumeno kuchakaa na ile moja inayopasuka mikononi. Umefika 15,250 kabla hujapata hata senti ya kukuza kazi. Duka ukaliuzie 18,000, nalo liuze 22,000 au 23,000. Najua utashtuka, maana za sokoni ni rahisi kuliko hapo. Ndiyo maana nimeanza na mteja. Mwenye geto hatoi hiyo hela, lakini mwenye mjukuu anayetambaa anaweza kuitoa, na shoga anayetafuta zawadi ya kitchen party anaitoa akitabasamu. Wakiikataa kwa bei hiyo wageni kabisa, usikimbilie kupunguza jasho lako. Rudi kwenye mchoro, uone kipande gani kinaweza kuondoka.

Mali kauli ya hamsini, kataa. Kwa adabu, lakini kataa. Hamsini ni 500,000 ya vifaa peke yake, imelala kwenye rafu ya mtu, na yeye hana haraka kwa sababu hajatoa kitu. Zikipauka, zikivunjwa na wateja wanaojaribu, zinarudi kwako. Mwambie utampelekea tano kwa fedha taslimu, zikiisha atoe oda na kianzio cha nusu. Akikataa tano za taslimu, amekwambia mwenyewe anavyoiamini bidhaa yako. Zile tano zikitoka, muulize nani amezinunua. Hilo ni bora kuliko hela yenyewe kwa sasa.

Usisahau kalenda yetu ya kusini. Hapa hela inatembea korosho zikishapita mnadani, kuanzia Oktoba na kuendelea, wakulima wakishalipwa. Ukizindua kitu cha 23,000 mwezi wa nne utadhani umebuni vibaya, kumbe watu hawana kitu. Jaribu na urekebishe kuanzia sasa, lundika Agosti na Septemba, uza msimu. Nanenane ya Kanda ya Kusini pale Ngongo, Lindi, inakuangukia vizuri katikati: wageni wengi, hawakujui, hawakuonei haya.

Hataza sitakaa nayo sana. Inatolewa na BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kwa uvumbuzi ulio mpya, maana yake haujawahi kuwekwa hadharani, na uwe na hatua ya kiuvumbuzi ambayo fundi mwenye ujuzi wake asingeifikia kirahisi. Mbuzi ya kukunja ni ya kale, nati ya mkono ni ya kale, na mwenyewe umeshazianika picha status. Sisemi haiwezekani, nasema usiingize huko mtaji wako wa kwanza. Kitu kitakachokufaa mapema ni jina. Alama ya biashara ikisajiliwa BRELA inakulinda miaka 7, kisha unaihuisha kwa miaka 10 kila mara. Jina la biashara ni usajili mwingine, unafanyika mtandaoni ukiwa na namba ya NIDA, na TIN, namba ya mlipakodi ya TRA, haina malipo. Chonga jina hilo chini ya kiti kwa moto. Atakayekuiga ataiga umbo. Zile sababu za bolti kupita upande wa pili hatazijua, na mbuzi zake zitalegea.

Kuhusu baba. Ana haki nusu. Kuacha chuo mwaka wa mwisho kwa ajili ya oda ya mali kauli, hapana, hilo hata mimi nisingekuruhusu. Leo una mashine ya randa, drili ya meza na mwalimu wa kumuuliza, vyote bila kulipia kodi ya karakana. Siku ukimaliza vinabaki getini. Ila nenda kwa mkuu wa karakana ukamuulize, ikiwezekana kwa maandishi, kama mnaruhusiwa kutengeneza vitu vya kuuza na masharti yake ni yapi. Kuuliza mapema kunakuepusha na ugomvi bidhaa ikishachangamka. Likizo, omba kufanya kazi kwa fundi wa samani mjini, hata kwa posho ndogo. Kuranda unajua tayari. Kule utaona anavyochagua mbao kwa muuzaji, anavyodai deni bila kugombana, na anavyomjibu mteja aliyebadilisha mawazo kazi ikiwa nusu. Hayo hayafundishwi ubaoni. Ukimaliza, ofisi ya SIDO ya mkoa ipo hapahapa Mtwara. Ni shirika la serikali lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na kazi yake ni watu wa aina yako. Waendee na mbuzi mkononi na daftari la mauzo. Ukienda na wazo tu utapangwa foleni na wenye mawazo.

Na baba mpe moja akamkabidhi mama.

SWALI

Habari Mama Fundi. Niko Lindi, nasoma chuo, na nashona mikoba ya ukindu niliyochora mwenyewe. Wenzangu wanasema bila laptopu yenye programu za kuchorea siwezi kuitwa mbunifu wa bidhaa. Nimekusanya hela kidogo kutoka kwenye boom, ile fedha ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi. Ninunue?

Msomaji, Lindi

JIBU

Nzuri, binti yangu. Usinunue bado. Mkoba wa ukindu unaanzia kwenye karatasi la kaki: chora kwa ukubwa wake halisi, kata, kunja, bana kwa pini, uvae begani utembee mpaka stendi na kurudi, ukiwa umetia humo madaftari na chupa ya maji. Kamba ikikuuma bega umejua kitu ambacho programu haitakwambia. Andika vipimo vyote kwa sentimita kwenye daftari moja, ili atakayekusukia mkeka leo na atakayekusukia mwezi ujao wakuletee upana uleule. Hapo ndipo mikoba mingi ya ukindu inaposhindwa kupata oda ya pili: wa kwanza mzuri, wa tatu umepinda.

Ukifika mahali pa kubuni kibano cha mbao au cha chuma, kompyuta ya maabara ya chuo inatosha. Iko programu ya FreeCAD, hailipiwi, na ukishaipakua haihitaji bando. Hela ya boom nunua mkasi mzuri, sindano za ngozi, na bitana isiyochuja rangi. Bitana hiyo iloweke kwanza na kitambaa cheupe usiku kucha kabla hujaishona.