Uhandisi wa kemikali una maisha? Jibu langu kwa kijana wa PCM kutoka Singida

Mdogo wangu, swali lako nimelisoma mara mbili. Umemaliza kidato cha sita kwa PCM (fizikia, kemia na hesabu), umechaguliwa kusoma Uhandisi wa Kemikali, na mjomba wako anakwambia uachane nao kwa sababu kila anayeusoma anaishia kuchungulia matanki kwenye kiwanda cha bia au soda. Umeuliza kama yupo Mtanzania aliyeusoma akavumbua kitu kinachoonekana. Yupo, anaitwa Dkt. Askwar Hilonga. Nitamweleza, ila niruhusu nianze na meno yangu, maana huko ndiko nilikojifunza thamani ya alichokifanya.

Nimezaliwa Maji ya Chai, kwenye barabara ya Arusha kwenda Moshi. Meno yangu ni ya kahawia, yana mistari, na ya mbele yamemomonyoka kidogo. Nilipofika Dar kuanza chuo, watu walikuwa wakiniona nikicheka wanasema papo hapo, "Wewe wa Arusha." Kwa miaka miwili nilicheka nimefumba mdomo. Wewe wa Singida naamini unaelewa, maana na huko kwenu visima vingi vina shida hiyohiyo.

Chanzo ni madini ya floraidi. Miamba ya volkano ya Meru na ya Bonde la Ufa inayo kwa wingi, na maji yetu yana magadi mengi na kalisi (kalsiamu) kidogo. Kalisi ingekuwepo ya kutosha ingeikamata floraidi ikatulia chini kama mawe. Kwa kuwa haipo, floraidi inabaki imeyeyuka. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na huku kwetu kuna maji yanayopita kiwango hicho mara kadhaa. Kuchemsha hakusaidii hata kidogo: maji yanaondoka kama mvuke, floraidi inabaki sufuriani, kwa hiyo unakunywa iliyokolea zaidi. Meno yanaharibika utotoni, wakati yanajijenga ndani ya ufizi. Mtoto akishavuka takriban miaka minane meno yamekwisha kuamuliwa, ila akiendelea kunywa maji makali miaka na miaka, zamu ya mifupa inafika.

Mwaka wa pili pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nilielewa kitu kilichonifanya niupende uhandisi huu moja kwa moja. Mfupa ukichomwa vizuri ukawa mkaa, unanyonya floraidi kutoka kwenye maji. Na unainyonya kwa sababu ileile inayoharibu meno: jino na mfupa vimejengwa kwa madini ya jamii moja, na madini hayo hukubali kuachia sehemu yake moja na kupokea floraidi badala yake. Yaani ukiweka mfupa ndani ya ndoo, unaipa floraidi jino lingine la kung'ang'ania ili iache la mtoto. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, jirani kabisa na kwetu, walikuwa wakiifanya kazi hiyo miaka mingi. Mimi nilikua napita njia ile sijui kinachofanyika mle ndani.

Likizo ileile nikamtengenezea mama kichujio. Nilichukua mifupa ya ng'ombe buchani, nikachoma kwenye pipa. Mara ya kwanza moto ulikuwa mdogo, maji yakatoka ya njano yananuka mfupa, mama akayamwaga. Mara ya pili nikaongeza moto na kubana hewa, mkaa ukatoka mweusi safi, maji yakawa matamu. Nilipeleka chupa maabara, floraidi ilikuwa imeshuka vizuri. Nikarudi Dar najiona mvumbuzi.

Nilirudi nyumbani baada ya mwaka na miezi kadhaa, nikapima tena. Yaliyoingia na yaliyotoka yalikuwa sawasawa. Mkaa ulikuwa umeshiba zamani. Hakuna aliyejua, kwa sababu floraidi haina rangi, haina harufu, na mdomoni haihisiki. Mama alikuwa anayachota kwa imani kwamba mwanawe msomi ameyasafisha. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa na umri wa miaka mitatu wakati ule. Leo ni binti mkubwa, na meno yake ni kama yangu. Hilo sijalimaliza moyoni mpaka leo.

Kosa langu lilikuwa la hesabu ambayo hata wewe wa PCM unaiweza. Tuseme maji yana miligramu 5 kwa lita na unataka yafike 1.5. Unaondoa 3.5 kwa kila lita. Nyumba ikitumia lita 20 kwa siku kunywa na kupika, hizo ni miligramu 70 kwa siku, gramu 2.1 kwa mwezi. Mkaa wako tuseme unabeba miligramu 2 kwa kila gramu. Basi unakula zaidi kidogo ya kilo moja ya mkaa kila mwezi. Mimi niliweka kilo sita. Ulikwisha kabla ya miezi sita, na mimi nilikuwa sijapanga ni nani atabadilisha, lini, wala kwa pesa ya nani.

Sasa nije kwa Hilonga. Amekulia Gongali, kijiji cha Karatu, njia ya kwenda Ngorongoro. Amewahi kueleza kwamba magonjwa ya maji machafu yaliigusa familia yake mwenyewe. Alisomea shahada ya uzamivu Korea Kusini, kwenye nanoteknolojia, yaani kutengeneza chembe ndogo kiasi kwamba gramu moja inakuwa na eneo kubwa ajabu la kushikia uchafu. Mali ghafi aliyoifanyia kazi sana ni silikati ya sodiamu. Wanaotengeneza sabuni za vipande mtaani wanaijua, wanaichanganya ili sabuni iwe ngumu. Mimi naona hapo ndipo ulipo uhandisi wenyewe: kitu cha bei ya sabuni, ukakipa kazi ya maabara kubwa. Na kwenye hizo chembe huongezwa madini ya fedha, ambayo huua bakteria.

Akarudi nyumbani, akawa mhadhiri katika Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha, akaanzisha kampuni aliyoipa jina la kijiji chake, Gongali Model. Kichujio chake kinaanza na kitu cha kale kabisa, mchanga. Maji yanapita polepole kwenye mchanga, taka na vijidudu vingi vinabaki. Lakini mchanga hauwezi kitu kwa floraidi wala metali nzito, kwa hiyo baada ya mchanga maji yanapitishwa kwenye zile chembe za nano. Na hazitengenezwi za aina moja kwa nchi nzima. Unapima kwanza maji ya mahali yana nini, halafu unapanga kichujio kulingana na hapo. Kisima cha Karatu na mto unaopita jirani na mgodi havina ugonjwa mmoja.

Mwaka 2015 Royal Academy of Engineering ya Uingereza ilitoa kwa mara ya kwanza tuzo yake ya Afrika kwa wahandisi wabunifu. Mshindi alikuwa yeye, pauni 25,000. Mimi nilikuwa zamu ya usiku kwenye kiwanda cha vyakula, nasimamia boila na maji ya kusafishia mitambo, kazi nzuri yenye mshahara wa uhakika (mwambie mjomba wako hivyo, si aibu). Nilisoma habari ile kwenye simu ya mwenzangu. Zile chembe hazikunishangaza sana. Kilichonikamata ni sentensi moja kwamba kwa wasioweza kununua kichujio kulikuwa na vituo vya maji, mtu anaendesha kichujio, majirani wanakuja kununua maji safi kwa bei ndogo.

Nikaweka simu chini, nikamkumbuka mama na ile ndoo. Kituo maana yake yupo mtu ambaye riziki yake inategemea maji kuwa safi, kwa hiyo yupo wa kukumbuka kubadilisha. Nilichokikosa mimi hakikuwa kemia.

Sina hisa wala undugu na kampuni ya Hilonga. Niliacha kiwanda baadaye, sasa nina shule mbili na zahanati moja ninazozihudumia kwa mkaa wa mifupa, napima kila mwezi na kubadilisha kabla haujashiba. Pesa si nyingi kama kiwandani. Naifanya kwa sababu najua ni watoto wa umri gani wanaokunywa pale.

Kwa hiyo nenda kasome. Mwaka wa kwanza utaona ni hesabu tupu za kinachoingia na kinachotoka, wengi wanachoka hapo. Zishike hizo kuliko kitu kingine. Ukifika wakati wa mafunzo kwa vitendo, omba kiwanda chenye mtambo wa maji hata kama wenzako wanakimbilia kwenye posho kubwa, na kaa na mafundi wa zamu, wanajua mambo ambayo hayapo kwenye notisi. Usajili wa Bodi ya Wahandisi uanze kuufuatilia mapema.

Na kabla hujaondoka nyumbani, chota maji ya kisima mnachotumia kwenye chupa ya plastiki, si ya kioo, isuuze kwanza kwa maji hayohayo mara tatu. Andika tarehe na jina la kisima. Ukipita Arusha niandikie PM (ujumbe wa faragha), tuyapime pamoja.