Uliza Msafiri: "Tuna siku 12, tunataka kuona Himalaya yote"

SWALI: Habari za kazi kaka. Sisi ni akina dada wanne wa hapa Dodoma, wawili wana biashara Majengo, mmoja ni nesi, mimi mwalimu naishi Nkuhungu. Tuna kikoba chetu, tumechanga miaka mitatu, na tumekubaliana safari hii hatuendi Zanzibar tena, tunataka milima ya Himalaya. Kuna mtu katuletea pakeji ya siku 12: Kathmandu, Pokhara, Base Camp ya Everest (ile kambi iliyo chini ya mlima), alafu tunavuka India kuona Manali. Tungeenda Juni shule zikifungwa. Mlima pekee tuliowahi kupanda ni Lion Rock hapa mjini. Inawezekana kweli? Na tuanzie wapi?

JIBU: Dada zangu, hongereni sana, kikoba kudumu miaka mitatu bila ugomvi si jambo dogo. Ila hiyo pakeji naomba msiilipie hata shilingi. Base Camp peke yake, kuanzia Lukla, kijiji chenye uwanja wa ndege ambapo safari ya miguu inaanzia, kwenda na kurudi, watu wanaipangia siku 12 hivi za kutembea, na hapo hujahesabu siku za Kathmandu wala siku za kukwama, maana ile ndege ndogo ya Lukla wingu likishuka hairuki, watu wanakaa uwanjani siku mbili tatu wanaangalia mbingu. Sasa uyo aliyewawekea Everest na Pokhara na India ndani ya siku 12 amepanga vivutio, hajapanga miili yenu.

Milima ya kule inapangwa kwa usiku. Jiulize leo nalala urefu gani, kesho nalala urefu gani. Madaktari wa milimani wanasema ukishavuka mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya pale ulipolala jana, na kila baada ya siku tatu au nne mnakaa siku nzima bila kupanda kulala juu zaidi. Mchana unaweza kupanda juu ukaangalia ukashuka, hiyo haina shida na tena inasaidia, shida ni pale unapolala. Mwili unahitaji muda kuzoea hewa nyepesi na hauna njia ya mkato, uwe mwanariadha uwe nani. Najua mtasema sisi ni watu wa Kilimanjaro, na kweli Uhuru ni mita 5,895, imeizidi Base Camp ya Everest ambayo ni mita 5,364. Lakini nyie hamlali Kilimanjaro, mnalala Dodoma, mita 1,100 na kitu.

Naliongea hili kwa uchungu kwa sababu mimi lilinikuta. Safari yangu ya kwanza Nepal nilienda bonde la Langtang na kampuni moja iliyoniambia siku tano zinatosha kabisa. Tukatoka kituo cha mita 2,400 hivi tukapandishwa mpaka Kyanjin, mita 3,870, kwa siku moja. Jioni kichwa kikaanza kugonga, nikasema ni njaa, nikala, nikatapika, usiku nikawa nakaa kitandani maana nikilala chali naona kama pumzi inakata. Muongoza njia wetu, kijana wa kabila la Watamang, alikuja na tochi saa tisa usiku akaniangalia machoni, akaniambia nitembee kwenye mstari wa mbao za sakafu. Nikayumba. Hakubishana na mimi, alinivalisha viatu yeye mwenyewe akanishika mkono tukaanza kushuka gizani, na tuliposhuka kama mita 400 hivi nikaanza kuomba chai. Kule dawa ya kwanza ni kushuka. Ukiona mwenzako anayumba kama mlevi, au anakohoa na pumzi haitoshi hata akiwa amekaa, msisubiri asubuhi.

Sasa mwezi. Juni hapana, kwa upande wa Nepal. Mvua za masika zao zinaingia Juni mpaka Septemba, njia za mabondeni zinateleza, barabara zinakatwa na maporomoko, ruba wanaingia mpaka ndani ya soksi, na milima yenyewe imejifunika hamuioni. Miezi mizuri ni Machi mpaka Mei na Oktoba na Novemba. Kama Juni au Julai ndo lazima kwa sababu ya shule, basi nendeni upande wa India, jimbo la Himachal, bonde la Spiti. Kule ni kama sisi na Uluguru: mvua inamwagikia milima ya Morogoro, ikifika Dodoma imebaki vumbi. Spiti iko nyuma ya milima mikubwa, mawingu yanamwaga huku mbele na kule kunabaki jangwa la baridi, vijiji vyeupe vya udongo na nyumba za watawa juu ya majabali, ile ya Key iko mita 4,166. Siku hizi kutoka Manali mnapita Atal, handaki la kilomita 9 lililofunguliwa 2020, badala ya kuanza kwa kukwea Rohtang, ile njia ya juu ya kuvukia milima. Ila Spiti ni safari ya gari zaidi kuliko miguu, na mnalala juu sana mapema, kwa hiyo bado kanuni ya usiku iko pale pale.

Mimi ningekuwa nyie ningesubiri shule zifunge Desemba, niende Langtang, bonde moja tu, siku 14. Desemba usiku ni baridi kali, chini ya sifuri, baadhi ya nyumba za wageni za juu zinafungwa, lakini anga ni bluu tupu na njia haina msongamano. Nesi akipata likizo Novemba na mwalimu akaombewa ruhusa, bora zaidi.

Iko hivi. Siku mbili za kwanza Kathmandu, mita 1,400, mnapumzika, mnazunguka Boudhanath na Swayambhunath, zile sehemu takatifu za Wabudha, mnashughulikia vibali. Siku ya tatu basi au jipu mpaka Syabrubesi, mita 1,500 hivi, mwendo wa masaa saba mpaka tisa wa barabara ya kona (anayetapika kwenye gari akae mbele). Siku ya nne mnaanza miguu mpaka Lama Hotel (ni jina la kituo chenye nyumba za wageni), msituni kando ya mto. Ya tano mnaishia Ghodatabela, mita 3,000, mtafika mapema na mtataka kuendelea, msiendelee. Ya sita kijiji cha Langtang, mita 3,430. Ya saba Kyanjin, mita 3,870. Ya nane na ya tisa mnalala hapo hapo, mchana mnapanda kidogo kuangalia barafu, mwenye nguvu apande Kyanjin Ri ambayo inapita mita 4,700, mwingine abaki ale jibini ya pale, kuna kiwanda tangu miaka ya 1950. Alafu siku mbili za kushuka, moja ya basi, na mbili zinabaki akiba. Hizo za akiba msizile kwa kuongeza Pokhara, jamani, ndizo zitakazowaokoa mtu akiugua au barabara ikifungwa.

Mazoezi mnayo karibu na nyumbani. Miezi miwili kabla, pandeni Hanang, mita 3,420 hivi. Mnaenda Singida kisha Katesh, mnachukua kibali na muongozaji, mnaondoka alfajiri na maji ya kutosha kwa sababu juu hakuna maji. Mkifika kileleni mkiwa hoi, jiambieni hivi: hapa nilipo ndo urefu wa kijiji cha Langtang, kule watu wanapika, wanalea watoto, wanachunga. Mimi hesabu hiyo ilinisaidia kuliko maelezo yote niliyosoma.

Na mkifika kijijini hapo Langtang nendeni taratibu. Tarehe 25 Aprili 2015 tetemeko la ukubwa wa 7.8 liliangusha barafu na mawe kutoka juu, kijiji chote kikafunikwa kwa dakika chache, mamia ya watu wakafa, wenyeji na wageni. Ilibaki nyumba moja iliyojibana chini ya jabali. Nyumba mnazolala leo zimejengwa pembeni kidogo, na njia yenyewe inakatiza juu ya lile rundo la mawe. Sisi tulioona Katesh Desemba 2023, tope likishuka kutoka Hanang hiyo hiyo, hatuhitaji kuelezwa. Mama aliyetupokea alipojua natoka nchi yenye mlima uliowahi kushusha tope juu ya watu, alinijazia kikombe mara ya pili bila kuuliza.

Mambo ya njiani. Mtakutana na nyumbu wa kubeba mizigo, namaanisha wale wa punda na farasi, wana kengele shingoni mtazisikia kabla hamjawaona. Mkisikia kengele simameni upande wa mlima, jibanzeni ukutani, kamwe msisimame upande wa korongo, maana mtungi wa gesi uliofungwa ubavuni unakusukuma na nyumbu wala hajui kama amekusukuma. Daraja la kamba za chuma waacheni wavuke kwanza. Kuta za mawe yaliyochongwa maandishi ya dini mnazipita zikiwa mkono wenu wa kulia, ndo heshima yao. Chakula ni dal bhat, wali na mchuzi wa dengu na mboga, wanakuongezea mpaka useme basi, kuleni hicho, nyama huko juu imebebwa siku nyingi mgongoni mwa mtu, iacheni. Usiku ombeni maji ya moto kwenye chupa ngumu isiyovuja, ifungeni ndani ya soksi mlale nayo ndani ya slipingi begi, asubuhi mnayanywa yakiwa vuguvugu. Na simu na pawabenki zilale humo humo, baridi inamaliza chaji mkiwa mmelala.

Pesa na karatasi: viza ya Nepal inatolewa pale uwanjani Kathmandu, dola 30 kwa siku 15 au dola 50 kwa siku 30, chukueni ya 30 kwa ajili ya hizo siku za akiba, ila kabla ya kukata tiketi ingieni tovuti ya uhamiaji wao mhakikishe masharti hayajabadilika. Kadi ya njano ya chanjo mtembee nayo. Tangu Aprili 2023 mgeni anatakiwa kuwa na muongozaji mwenye leseni, na hata isingekuwa sheria ningewaambia mchukue. Mpagazi mmoja kwa wawili wenu, mzigo wa kila mmoja wenu usizidi kilo 10, na mpagazi muulizeni kabla ya kuondoka kama ana jaketi na viatu, sisi wenye wagumu wetu Kilimanjaro tunajua mtu anavyobebeshwa akiwa na kandambili. Bima ya safari iandikwe wazi inalipia helikopta na inafika mita 5,000, someni kwa macho yenu msiambiwe tu. Dawa ya Diamox inasaidia mwili kuzoea, nesi wenu aongee na daktari mapema, hasa kama kuna mwenye mzio wa dawa za salfa. Na haiondoi kanuni ya usiku.

SWALI: Shikamoo. Niko Kondoa, mama yangu ana miaka 63, ana presha inayodhibitiwa na dawa. Ndoto yake ni kuona mlima wenye theluji kwa macho. Kutembea milimani hawezi. Nimwambie tu asahau?

JIBU: Marahaba mwanangu, usimwambie hivyo hata kidogo. Mpeleke Pokhara. Mji huo uko mita 820 hivi, yaani chini kuliko Dodoma, mwili wake hautahangaika na hewa kabisa, na milima ya Annapurna iko palepale mbele ya macho, pamoja na Machapuchare, mita 6,993, ule wenye ncha kama mkia wa samaki. Kutoka Kathmandu msipande basi, barabara itamchosha, kuna ndege ya chini ya nusu saa. Mkiwa pale amkeni saa kumi na moja alfajiri mpande gari mpaka Sarangkot, kama mita 1,600, mchukulie kiti na blanketi. Theluji inaanza kuwa ya pinki, baadae ya dhahabu, alafu nyeupe, yote ndani ya dakika kama ishirini, kwa hiyo usiwe bize na kamera, kaa naye. Nendeni Novemba, saa za asubuhi, mchana mawingu yanapanda. Dawa za presha aweke kwenye begi la mkononi, za siku zote na za wiki moja ya ziada, na daktari wake aambiwe kabla ya tiketi kukatwa.

SWALI: Bro, nimepata buti za jeshi za mtumba pale Sabasaba, ngumu balaa, bei poa. Zinafaa Langtang?

JIBU: Mdogo wangu, vaa soksi mbili, nyembamba ndani na nzito juu, alafu shuka nazo Lion Rock mara tatu. Kushuka ndo kipimo. Kama dole gumba linagonga mbele, zirudishe au uza, kwa sababu kule kuna siku mbili za kushuka mfululizo na kucha itatoka. Kama kisigino kinapanda na kushuka ndani ya kiatu utapata malengelenge siku ya kwanza. Zikipita hapo, zivae kila siku kwa wiki sita, kazini, sokoni, kwenye daladala, mpaka usahau umezivaa, na siku ya safari zivae kwenye ndege, usiziweke kwenye begi la kupotea.