Ufunguo Nusu, Stata Mbio

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina Land Rover Series III ya petroli, ya mwaka 1974, niliyoachiwa na babu. Solenoidi ya stata, ile swichi inayoipa stata umeme, ilikufa, nikanunua nyingine Mtwara mjini. Ya zamani ilikuwa na skrubu ndogo moja, hii ina mbili. Nikaona ya pili isikae bure, nikaifungia waya mmoja wa koili ya plagi. Sasa nikifungua swichi tu, kabla sijapiga stata, injini inazungushwa yenyewe, na ikishawaka stata haiachi mpaka nizime. Wameniuzia kitu kibovu?
Msomaji, Mikindani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usirudi dukani kugombana na watu. Umesema ukizima ufunguo stata inanyamaza, basi solenoidi ni nzima. Ingeendelea kuzunguka ufunguo ukiwa mfukoni, ningesema shaba za ndani zimegandana. Hilo lilinikuta njia ya Newala na gari limejaa korosho. Nilikimbilia betri na spana huku waya umeshaanza kutoa moshi.

Kwenye zile skrubu nene mbili za solenoidi unapita umeme wa kuzungusha injini, ampia 200 na zaidi. Ukiupitisha kwenye swichi ya ufunguo, swichi inaungua. Kwa hiyo ufunguo unapeleka umeme kidogo tu kwenye skrubu ndogo, koili iliyo ndani ya solenoidi inavuta chuma, na chuma ndicho kinachounganisha zile nene.

Skrubu ndogo ya pili ni ya magari ambayo koili yake ya plagi ina rezista, yaani kipunguza umeme. Wakati wa kupiga stata inaipa koili volti 12 kamili, basi. Gari lako kama halina rezista, iache tupu na uizungushie tepu, maana stata ikizunguka, nayo ina moto, yaani umeme.

Sasa ipi ni ipi? Usiangalie kushoto au kulia, kila kiwanda kina mpango wake. Iulize solenoidi yenyewe. Weka gia frii, vuta hendibreki, vua pete. Toa waya mnene uendao kwenye stata na nyaya zote ndogo. Chukua kipande cha waya kutoka chanya ya betri, gusa skrubu ndogo moja, kisha nyingine. Itakayolia “tak!” ndiyo ya ufunguo. Fungua betri, upande wa ethi kwanza, yaani ule waya uliofungwa kwenye bodi la gari, halafu funga kwenye skrubu hiyo waya wa kupigia stata utokao kwenye ufunguo, mweupe wenye mstari mwekundu. Mweupe mtupu unapata moto mara swichi inapofunguliwa, na naamini ndio uliouweka hapo. Urudishe kwenye koili ya plagi. Ila babu zetu walikuwa wakiunga kwa waya wowote uliopatikana, kwa hiyo rangi usiziamini bila kupima kwa testa.

Zote mbili zikikaa kimya, tazama ilipofungwa. Solenoidi za namna hii nyingi zinapata ethi kupitia bodi lake. Land Rover watu wanaisifu kwa alumini, lakini ukuta wa injini ni chuma, na kwa upepo wa chumvi wa Mikindani chuma hakidumu. Kwangua rangi na kutu kwa msasa mpaka ing’ae, paka grisi kidogo ukishakaza, ujaribu tena.