Usingoje tumbo lionekane: majibu kwa wajawazito wetu

Maswali ya safari hii yametoka Kisumu, Siaya, Busia na Kakamega, na karibu yote yanahusu miezi sita ya kwanza ya ujauzito. Nimeyafupisha, na majina nimeyaacha. Natanguliza lile lisiloweza kusubiri zamu yake.

Sista, nina mimba ya wiki saba hivi. Tangu jana natokwa na matone ya damu, na tumbo linauma chini upande wa kushoto. Mama anasema nilale tu, itaisha yenyewe. (Manyatta, Kisumu)

Mdogo wangu, usilale. Nenda leo hospitali yenye daktari na skani. Hapo Manyatta uko karibu na Jaramogi, ile ambayo wengi wetu bado tunaiita Russia.

Damu kidogo miezi ya mwanzo huwapata wanawake wengi, na nyingi ya mimba hizo huendelea vizuri. Lakini damu ikija pamoja na maumivu ya upande mmoja, lazima tuhakikishe kwamba mimba haikutunga kwenye mrija badala ya ndani ya mfuko wa uzazi. Mimba ya mrija haiwezi kukua hadi kuzaliwa, na mrija ukipasuka damu humwagikia ndani ya tumbo bila wewe kuiona. Ukisikia kizunguzungu, ukizimia, au maumivu yakipanda hadi begani, hali imeshakuwa ya hatari: tafuta gari na mtu wa kukusindikiza, usipande boda peke yako.

Usinywe dawa ya miti shamba ya "kufunga mimba". Na kama unajua kundi lako la damu ni la rhesus hasi, mwambie daktari kabla hajauliza, kwa sababu huenda ukahitaji sindano ya kulinda mimba zako zijazo.

Nimekosa hedhi miezi miwili, na kipimo cha duka la dawa kimetoa mistari miwili. Mama mkwe anasema mimba changa haitangazwi, nisiende kliniki hadi mwezi wa tano maana watu wana macho mabaya. Simpingi, ila nina wasiwasi. (Ahero)

Huna haja ya kumpinga. Siri yako na kliniki vinaweza kwenda pamoja. Anayekupima hatakwenda kutangaza, na kijitabu cha mama na mtoto utakachopewa kinaingia kwenye mkoba. Majirani waambie utakapopenda.

Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito aonane na mhudumu wa afya mara nane, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki ya 12 kupita. Wengi wetu huku tunafika mwezi wa tano au wa sita, na hilo linaniuma kwa sababu kuna mambo ambayo hayatusubiri. Siku ya kwanza tutakupima presha na mkojo, tutakutoboa kidole au kutoa damu mkononi, tuangalie wingi wa damu, kundi lako, virusi vya Ukimwi, kaswende na homa ya ini aina ya B. Kaswende ikigunduliwa mapema hutibiwa kwa penisilini na mtoto akasalimika. Isipogunduliwa inaweza kumuua tumboni. Mama mwenye virusi akianza dawa mapema na kuzimeza kila siku, uwezekano wa mtoto kuambukizwa hushuka mno. Na kama kuna mtu wa selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi (sickle cell), katika ukoo wako au wa mumeo, sema. Ugonjwa huo ni mwingi hapa Nyanza na Magharibi, na mama mwenye nao anahitaji kufuatwa kwa karibu zaidi.

Kuna jambo moja nimeliona mara nyingi mno. Mama anafika kwa mara ya kwanza akiwa na miezi saba. Ukimvuta kope la chini, ndani ni peupe. Ukigeuza viganja, navyo vimepauka. Kipimo cha wingi wa damu (hemoglobini) kiko 6, na tungetaka kisiwe chini ya 11. Vidonge vinachukua wiki nyingi kuijenga damu, na huyo amebakiwa na wiki chache kabla ya kuingia leba, ambako kila mwanamke hupoteza damu. Angekuja mwezi wa pili au wa tatu tungekuwa na muda wa kutosha.

Ukija, kumbuka siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho. Ongeza siku saba, rudi nyuma miezi mitatu, utapata tarehe ya kukadiria ya kujifungua: hedhi iliyoanza tarehe 10 Machi inakupa 17 Desemba. Kama huikumbuki, skani ya miezi ya mwanzo ndiyo inayokadiria umri wa mimba vizuri zaidi. Beba kitambulisho na uhakikishe umesajiliwa SHA, bima ya afya ya taifa iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024. Usingoje kusajiliwa ukiwa na uchungu.

Mama mkwe naye aje nawe, kama mtapatana. Akikaa kwenye benchi akasikia tunayosema, mara nyingi yeye ndiye anayekukumbusha vidonge nyumbani.

Nauza samaki Dunga. Tangu mimba ifike mwezi wa pili siwezi kuvumilia harufu yao, na kazi ndiyo hiyo hiyo. Kutapika huku kutaisha lini? (Dunga)

Pole sana, dada. Kichefuchefu huanza karibu wiki ya sita, hupamba moto karibu wiki ya tisa, na wengi hupata nafuu kati ya wiki ya 12 na ya 16. Kinaitwa cha asubuhi lakini wewe mwenyewe unajua hakina saa.

Usiache tumbo likae tupu, kwa sababu njaa hukizidisha. Kabla hujatoka kitandani tafuna kitu kikavu: mkate, biskuti, kipande cha nduma au kiazi kitamu kilicholala. Halafu kula kidogo kidogo kutwa nzima. Chakula kilichopoa hakitoi harufu kama cha moto. Tangawizi husaidia wengi, ndani ya chai nyepesi au katika maji ya moto. Kunywa maji kati ya mlo na mlo, usiyamwagie juu ya chakula. Kwa kazi yako, ukiweza, badilishana na mwenzako wiki chache hizi: yeye aparue na kukaanga, wewe ushike pesa na wateja. Kaa upande upepo wa ziwa unakotokea.

Kama hata maji hayakai tumboni siku nzima, mkojo umekuwa mchache na wa rangi nzito, au ukisimama unaona giza, njoo hospitali uwekewe maji ya mshipa na upewe dawa. Na ukitapika ukiwa na homa, usiseme ni mimba tu. Kando ya ziwa hili, homa ni ya kupimwa malaria siku hiyo hiyo. Dawa inayofaa hata miezi mitatu ya kwanza ipo, ila iandikwe na anayejua una mimba.

Ninakula odowa, yale mawe laini ya udongo, kila siku, naficha hata mume wangu. Nikipita Kibuye nikiona zile fungu zimepangwa mate yanajaa. Je, nitamdhuru mtoto? (Kisumu)

Asante kwa kuandika, maana wengi wanaficha kama wewe na hatupati nafasi ya kuwasaidia. Hukufanya kosa la aibu. Hamu ya kutafuna mawe na udongo huonekana sana kwa wanawake waliopungukiwa na madini ya chuma, kwa hiyo huenda mwili wako unatuambia damu iko chini. Tatizo ni kwamba odowa haikupi hiyo damu. Udongo hunasa madini ya chuma ya chakula chako tumboni usiyapate, hukufungisha choo, na unaweza kuwa na mayai ya minyoo au madini hatari kama risasi, ambayo humfikia mtoto. Minyoo nayo inafyonza damu. Ndiyo unakuta mtu anakula zaidi, damu inazidi kushuka, na hamu inapanda.

Nenda ukapime damu wiki hii. Omba vile vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma na asidi ya foliki, umeze kila siku, mimba nzima. Usimeze na chai. Hili nalisema kila asubuhi kliniki na bado naona vikombe: majani ya chai huzuia madini ya chuma kuingia mwilini, na chai ya maziwa ni vivyo hivyo. Meza kwa maji, au maji yenye ndimu au chungwa, na chai isubiri saa moja au mbili. Choo kitakuwa cheusi. Hiyo ni dawa, usishtuke. Vikikuchafua tumbo, meza usiku baada ya kula, lakini usiviache.

Mwezi wa tatu ukipita, uliza dawa ya minyoo. Kwenye sufuria ongeza omena, maharagwe, kunde, managu. Maini ni mazuri ila miezi ya mwanzo usile kila siku, yana vitamini A nyingi mno kwa mtoto anayeumbika.

Hamu haitaisha kesho. Punguza, tafuna karoti au barafu inapokujia, na mwambie mumeo. Atakusaidia kupita Kibuye bila kusimama.

Niko miezi minne. Kliniki wamenipa vidonge vitatu nivimeze mbele yao, wakasema nirudi mwezi ujao nimeze tena. Sina malaria, wamenipima. Kwa nini nimeze dawa ya ugonjwa ambao sina? (Port Victoria, Busia)

Ni swali la haki, na uliyepewa dawa bila kuelezwa ulikuwa na haki ya kuelezwa. Hiyo ni SP, dawa ya kukinga malaria, wengi wanaijua kama Fansidar. Hutolewa kwa wajawazito wa maeneo yenye malaria nyingi, na huku kwetu karibu na ziwa ni mojawapo.

Ukiwa umekulia Busia, mwili wako umezoea malaria kiasi kwamba unaweza kuwa nayo bila homa. Lakini mimba huleta kiungo kipya, kondo la nyuma, na vijidudu vya malaria hujificha humo. Kipimo cha kidole kinaweza kisivione. Wewe unafua, unalima, unajisikia mzima, huku mtoto hapati chakula na hewa vya kutosha. Ndipo tunapata watoto wanaozaliwa wadogo mno, mimba zinazoharibika, na akina mama wasio na damu. Mimba ya kwanza ndiyo iliyo hatarini zaidi.

SP huanza wiki ya 13, kisha kila mwezi hadi unapojifungua. Lenga dozi tatu au zaidi. Unaweza kuimeza hata hujala. Wasioipata ni wale wanaomeza Septrin kila siku kwa sababu ya virusi, kwani Septrin inawakinga tayari na dawa hizo mbili hazichanganywi. Ukiwa na mzio wa dawa za salfa pia sema kabla hujameza. Na asidi ya foliki ya miligramu 5, ile kubwa ya dukani, huipunguza SP nguvu. Vidonge vya kliniki vina miligramu 0.4 tu na havina shida.

Neti uliyopewa bure ni yako na ya mimba. Nimeiona ikifugia vifaranga na ikikaushia omena. Tafadhali, lala ndani yake usiku huu.

Miezi minne na nusu na sijasikia mtoto akicheza. Mwenzangu alisikia mapema. Niende nikapigwe skani? (Bondo)

Kama ni mimba yako ya kwanza, bado. Wengi husikia kati ya wiki ya 18 na ya 20. Aliyewahi kuzaa anaweza kusikia wiki ya 16. Mwanzoni si teke, ni kama gesi inayotembea. Ukifika wiki ya 24 bila kusikia lolote, nenda.

Skani lakini ni vizuri upate moja kabla ya wiki ya 24, kuangalia umri, kondo limekaa wapi, na kama ni mmoja au pacha. Jinsia inaweza kuonekana karibu wiki ya 18 hadi 20. Kama pesa inatosha kitu kimoja tu, usiitumie kwa ajili ya jinsia.

Mke wangu ana miezi mitano. Wazee wanasema tukilala pamoja namuumiza mtoto. Ni kweli? (Mumias)

Si kweli, kaka, mimba ikiwa salama. Mtoto amezungukwa na maji na mlango wa mfuko umefungwa. Mnaacha ikiwa ametokwa na damu, maji yamevuja, kondo limekaa chini, au daktari amekataza. Na mnaacha pia kama yeye hataki, hiyo inatosha.

Mimi ni mwalimu, miezi sita. Jioni miguu inavimba hadi viatu havinitoshi. Ni kawaida? (Kakamega)

Kuvimba kwa vifundo jioni baada ya kusimama kutwa ni kawaida, na asubuhi hupungua. Kinachonisumbua ni uvimbe unaoamka nawe, usoni na vidoleni, hasa ukija na kichwa kinachogonga, macho kuona ukungu au nyota, au maumivu chini ya mbavu. Hiyo inaweza kuwa kifafa cha mimba kinachokaribia, ambacho huanza baada ya wiki ya 20 na hujulikana kwa presha ya 140 kwa 90 au zaidi pamoja na dalili kama protini kwenye mkojo. Ukiona hata moja kati ya hizo, nenda siku hiyo hiyo, hata kama tarehe yako ya kliniki ni wiki ijayo, hata kama ni usiku.

Kama ni miguu peke yake, pima presha wiki hii utulie. Fundisha ukiwa umekaa, inua miguu saa ya mapumziko, na ulale kwa ubavu. Mwalimu mkuu akiuliza kiti ni cha nini, mwambie.